Kitambaa Kilichofunika Mikono

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, vikubwa kunizidi, nikaingia darasani nikitembea kama bata. Ilikuwa shule ya sekondari huko Kilibula, hapa Uvira, tawi la biashara, nami nilikuwa nimeajiriwa kufundisha daktilo. Ninyi vijana neno hilo hamlijui. Daktilo lilikuwa somo la kuandika kwa mashine, zile za chuma zisizohitaji umeme: ukipiga kitufe, kinyundo kidogo kinaruka, kinagonga utepe wenye wino, na herufi inabaki kwenye karatasi. Ukikosea, umekosea. Hakukuwa na kufuta kimyakimya kama mnavyofanya sasa.

Prefe, yaani mkuu wa shule, alinipokea mlangoni. Alikuwa mzee mfupi mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi ikang'aa magotini. Mkononi alishika rula ya mbao na kitambaa cheusi chenye kamba mbili. Alimketisha msichana mmoja mbele ya mashine, akamfunga kamba shingoni, na kitambaa kikashuka kikafunika mikono yake na vitufe vyote. Mtoto akabaki kama mtu anayenyolewa.

"Madame," Prefe akaniambia, "muntu mwenye kuangalia vidole wakati wa kupiga mashini, njo ule anahesabu meno wakati wa kula. Macho iko juu, kwa karatasi ya kunakili. Ukimuona anachungulia, rula iko hapa."

"Na kama amesahau herufi iko wapi, Prefe?"

"Rula itamukumbusha."

Nikaipokea ile rula. Sitawadanganya, niliipenda. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, wanafunzi wengine walinizidi kimo, na rula ilinisaidia kuonekana mkubwa.

Nitawaeleza jinsi kazi ilivyokuwa. Tulikuwa na mashine kumi na nne kwa darasa la watu arobaini na zaidi. Wasio na mashine walipiga vidole juu ya dawati wakisubiri zamu. Tulianza na safu ya kati ya herufi, vidole vinne vya kushoto, vinne vya kulia, nami nikipiga mwendo mezani kwa rula: moja, mbili, moja, mbili. Kitambaa cheusi kimoja hakikutosha, kwa hiyo nilikata kitenge changu cha zamani nikashona vingine kumi na vitatu. Kila mstari ulipokaribia mwisho kengele ndogo ililia, mwanafunzi akasukuma mkono wa mashine, roli yenye karatasi ikarudi kulia, tayari kwa mstari mpya. Mtu aliyepita nje alidhani mvua inanyesha juu ya mabati yetu tu. Mpaka leo, nikisikia mvua ya kweli inaanza, vidole vyangu vinajikunja vyenyewe kutafuta safu ya kati.

Wanafunzi walinipa jina: Macho Juu. Walidhani silijui. "Macho Juu anakuya!" mmoja alinong'ona dirishani, na darasa zima likanyooka mgongo. Nilifurahi moyoni, nikakunja uso.

Na walitoka watu pale! Hapakuwa na biro, ofisi ya watu, mjini humu ambayo ukiingia hukumkuta mtoto wangu nyuma ya mashine, mgongo wima, macho juu, vidole vinakwenda vyenyewe. Wakubwa wa kazi walikuwa wakiniambia sokoni, "Madame, ule uliyetupatia haangalie hata siku moja." Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshiba kabla ya kula.

Baadaye nilihamishiwa shule moja ya ufukweni, kusini mwa mji, ambako hewa ya ziwa ilikula chuma. Asubuhi ulikuta vinyundo vimeshikana kama watu waliogombana usiku kucha wakaamua kupatana. Niliwafundisha wanafunzi kusafisha kwa unyoya wa kuku na tone la mafuta ya cherehani, na utepe uliokauka tuliufufua kwa mafuta hayo hayo. Prefe wa kule alikuwa mwalimu wa kwaya. Akaja darasani kwangu, akasikiliza, akasema mwendo wangu wa rula hauna uhai, akawafanya wapige kwa mwendo wa nyimbo za Jumapili. Kasi ikapanda. Sikumshukuru, kwa sababu nilikuwa na kiburi, lakini niliendelea kuutumia mwendo wake hadi nilipostaafu.

Nilirudi mjini na rula yangu na vitambaa vyangu, shule ya Nyamianda, chini ya Mama Prefe, mwanamke mkimya aliyekuwa anasoma kila karatasi mara mbili kabla ya kutia sahihi. Wakati huo kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia mjini. Siku moja aliniita ofisini.

"Madame, ordinateri zinakuya ku mabiro yote. Shule haina hata moja. Tutafanya nini na hawa watoto?"

"Mama Prefe, usisumbuke. Vidole ni vile vile. Anayejua mashini yetu anajua mashini zote."

Alinitazama kitambo, kama anasoma karatasi mara ya pili. "Uko hakika?"

"Miaka yote hii niko napiga, Mama."

Hilo lilikuwa jibu langu, na majuto ni mjukuu.

Mwaka ule nilikuwa na msichana anaitwa Faida, kifungua mimba wa mama mmoja wa Kilibula aliyeuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, sokoni. Baba yake alivuka ziwa kutafuta maisha, na maisha yakamfurahisha huko huko. Nimefundisha wengi, lakini vidole vya Faida sikuviona kwa mtu mwingine. Hakuwahi kuchungulia. Mara moja tu, mwaka wake wa kwanza, nilimkuta ameinua pindo la kitambaa, nikampiga rula juu ya vifundo vya mkono wa kulia. Hakurudia tena. Nilisimulia habari hiyo kwa walimu wenzangu kama mfano wa malezi mema.

Tawi la biashara lina kitu kinaitwa juri. Watu wa kazi wanaalikwa kutoka nje, wanakaa nyuma ya darasa, wanawapima wanafunzi wa mwaka wa mwisho kabla ya mtihani wa Serikali. Mmoja wa wageni wetu alikuwa Alhaji, mwenye ghala la bidhaa upande wa bandarini Kalundu, mtu wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walikuja na biashara ya ziwa. Faida alipopiga barua yake, Alhaji aliacha kuchezea tasbihi.

"Huyu mutoto anipitie wiki ijayo," aliniambia. "Niko natafuta sekretere. Nimupime kwanza ku biro yangu, kama anafaa, akimaliza mutihani ya Serikali kiti iko yake."

Kazi kama ile, kwa mtoto kama yule! Nyumba nzima ya Kilibula ingesimama juu ya vidole vyake. Mama yake alimshonea sketi ya bluu. Mimi nilitangaza habari mji mzima, kuanzia kwa waendesha pikipiki wa njia panda hadi kanisani, na nikaahidi kwa jina langu kwamba Faida atashinda.

Siku ya pili baada ya Faida kwenda kupimwa, Alhaji alinitumia bahasha shuleni. Ndani mlikuwa na kurasa mbili. Pambizo zilikuwa safi, mistari imenyooka, na maneno yalikuwa takataka. Mahali pa "Uvira" palisomeka "Uvirq". Kila penye koma pamesimama herufi m. Nambari zote za tarehe zimegeuka alama za mshangao na vikorokoro nisivyovijua. Kurasa mbili nzima, bila kusimama hata mara moja.

Niliona giza. Niliingia darasani, nikamsimamisha Faida mbele ya wenzake, nikamtikisia zile karatasi usoni.

"Hii njo nini? Ulikuwa unachezea kazi ya watu? Unajua umenihaibisha minye mbele ya Alhaji?"

Aliziangalia karatasi muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Madame, sikuangaliaka."

"Sijakuuliza kama uliangalia! Nimekuuliza hii njo nini!"

Faida alirudi kwenye dawati lake. Aliketi, na kesho yake hakuja shuleni.

Nilikwenda kwa Alhaji nikiwa bado na hasira, na hasira hiyo nilikuwa nimeigeuzia upande wake. "Alhaji, hii karatasi haiko ya Faida. Kuna muntu ameibadilisha."

"Iko yake, Madame. Nilikuwa hapa. Alikaa vizuri, mugongo sawa, macho juu, akapiga kama mvua. Minye mwenyewe nilishangaa. Kisha nikasoma." Alivuta kiti. "Haraka iko muzuri, lakini alikuwa anaenda wapi? Ebu ikala, weye mwalimu wake."

Niliketi mbele ya kompyuta yake. Nikainua macho, nikaiweka mikono safu ya kati, nikapiga mstari mmoja: mji, tarehe, jina la shule yetu. Nilipomaliza nilitazama kioo. Uvirq, na vikorokoro vile vile.

Hapo ndipo nilipoangalia vitufe kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu. Mashine zetu zote zilikuwa za mpangilio wa Wafaransa na Wabelgiji, A iko juu kushoto kabisa. Kompyuta ya Alhaji ilitoka Dubai kwa njia ya Dar es Salaam, na mahali pa A palikaa Q. M ilikuwa imehamia kwingine. Nambari, ambazo kwetu hupatikana kwa kubonyeza kitufe cha herufi kubwa, huku zilitoka bila hicho. Kilikuwa kitu cha kujifunza kwa siku chache tu, kama mtu angekitazama.

"Juu ya nini hukumuambia?" nikamtaka anipe sababu.

"Nilizani anaona, Madame. Macho alikuwa nayo."

Kazi alikuwa ameshampa kijana mmoja wa Mulongwe aliyejifunzia kwenye vibanda vya intaneti. Alikuwa pale pale, mezani, anapiga kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa, shingo imeinama. Polepole mno. Lakini barua yake ilisomeka.

Nilitembea kwa miguu hadi Kilibula, waendesha pikipiki wakiniita nisiwasikie. Nilimkuta Mama Faida uani anachambua ndagala juu ya ungo, na Faida pembeni yake. Nikavuta kigoda.

"Faida, nimekukosea. Naomba radhi."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. "Madame, mukubwa haombi mutoto radhi."

"Leo anaomba, Mama Faida. Mashini ya Alhaji haiko sawa na zetu. Minye pia imenishinda, sasa hivi. Mutoto wako hakuwa na namna ya kujua."

"Nilijua, Madame," Faida akasema.

Nikageuka. "Ulijua nini?"

"Pale mwanzo kabisa. Niliona ku ekrani, ile kioo ya ordinateri, na pembe ya jicho, herufi haiko yenyewe. Nikataka kuangalia chini. Nikaogopa rula."

"Lakini rula haikuwa pale, mutoto wangu."

"Iko, Madame." Aliinua mkono wa kulia, akanionyesha vifundo. "Iko hapa."

Nililia uani kwa watu, mwanamke mzima, Macho Juu mwenyewe. Mama Faida aliniletea maji ya kunawa uso. Kwenye mkoba wangu kulikuwa na kitambaa cha kitenge, kile cha mashine ya Faida, nilichokuwa nimekibeba asubuhi kwenda kukifua. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nikamwachia.

Faida alirudi shuleni, akafanya mtihani wa Serikali, akapita. Kazi ya Alhaji ilikwisha kwenda. Mimi nikaenda kwa Mama Prefe nikamwambia kwamba nilimdanganya, vidole si vile vile. Hakunisuta. Aliuliza tu, "Sasa tutafanya nini?"

Nilichofanya ni hiki. Vitambaa nilivitoa vyote. Rula ikabaki ya kupigia mistari. Na kila Ijumaa saa ya mwisho ikawa saa ya mashine ngeni. Mwanafunzi mmoja alileta kifaa ambacho darasa halijawahi kukigusa, kwa ruhusa ya mwenyewe: mizani ya umeme ya muuza unga, simu mpya ya shangazi, kipimo cha fundi umeme, cherehani ya miguu. Mwingine aliitwa mbele, na hakuna aliyeruhusiwa kumweleza. Sheria zilikuwa tatu: gusa kitu kimoja, tazama kimefanya nini, andika. Kisha gusa kingine. Saa ikiisha, yeye ndiye anatufundisha sisi. Nilimwomba hata Alhaji, na kila muhula alituazima kompyuta yake kwa siku moja, ikija juu ya mkokoteni, yeye mwenyewe akitembea kando kama anasindikiza bibi harusi.

Mwanzoni walikaa mbele ya kifaa wakinitazama mimi, wakingoja amri. Hilo liliniuma. Ndipo nilipoona nilichokuwa nimewafunza miaka yote, chini ya safu ya kati na kengele: kutogusa kabla ya kuambiwa.

Inspekta, yaani mkaguzi wa Serikali, akiwa na kitabu cha programu, ule mtaala wa masomo, mkononi, alitukuta Ijumaa moja tukiwa tumeizunguka mizani ya unga.

"Madame, hii iko wapi mu programu?"

"Haiko, Bwana Inspekta."

"Kama haiko mu programu, juu ya nini unaifundisha?"

Mama Prefe alikuwa mlangoni. Alisema, "Bwana Inspekta, wenye kuandika programu hawakuona ile ordinateri ya Alhaji. Minye siwalaumu. Lakini watoto wataikuta."

Inspekta aliniandikia alama ya chini kuliko zote nilizopata katika kazi. Ninayo ile karatasi, na ninaipenda.

Sasa nimestaafu, na kila mtu ana shauri lake juu ya shule. Wengine wanasema tununue kompyuta nyingi, mambo yatakwisha. Zinunuliwe, sikatai, mimi niliyefundisha kwa unyoya wa kuku siwezi kukataa. Lakini shule haiwezi kununua kila mashine ya dunia, na ile utakayoikuta kazini bado haijatengenezwa. Wajukuu zangu wananionyesha simu inayoandika barua nzima peke yake, huna hata haja ya vidole. Ninawauliza: umeisoma ilichoandika? Wananiangalia kama nimetoka mwezini. Basi ninaikumbuka karatasi ya Faida, kurasa mbili nzuri zilizokwenda mbio bila mtu kuzitazama.

Je, ninazikosa mashine za zamani? Sana. Ninakosa kengele, harufu ya wino, na watoto arobaini wakipiga mwendo mmoja. Tuliwafundisha kukaa, kuvumilia, kumaliza ukurasa safi, na hayo siyatupi. Ninachojutia ni kitambaa.

Siku chache baada ya kuagwa shuleni nilihitaji kuandika barua ya kuomba haki zangu za ustaafu. Nilikwenda Nyamianda, kwenye kibanda cha kuandikia watu barua na kutoa fotokopi. Mwenye kibanda ni Faida. Ana wasichana wawili anaowafundisha kazi, na mtoto wake anasoma shule ile ile. Juu ya mashine ya fotokopi, kuikinga na vumbi la barabara, alikuwa ametandika kitenge changu, rangi imekwisha, kamba mbili zinaning'inia.

Nilikitazama, naye akaniona nakitazama. 

"Faida, niandikie barua."

"Hapana, Madame. Ikala. Andika mwenyewe."

Alinisogezea klavye, ule ubao wa vitufe vya kompyuta. Ilikuwa imetumika hadi herufi zote zimefutika, vitufe vyeusi vitupu, hakuna hata kimoja kinachosema jina lake. Sikujua ni ya Wabelgiji au ya Dubai. Wale wasichana wawili waliacha kazi wakaja kusimama nyuma yangu. Nilinyoosha mgongo, nikainua macho, nikapiga jina la mji wetu.

Uvirq.

Faida alicheka hadi akajishika mbavu, nami nikacheka, machozi yakanitoka. Kisha akainama, akaichukua mikono yangu yote miwili ya kizee kwa upole, akairudisha juu ya vitufe.

"Gusa moja, Madame, tazama imeandika nini," akasema. "Na uangalie chini. Hapa hakuna rula."

Nikaangalia.